Karatasi ya Moyo Ndani ya Plastiki

Nyumbani kwetu karatasi yoyote yenye heshima huvaa plastiki. Cheti changu cha kidato cha nne kimevaa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vimevaa, cha ndoa kimevaa, na kadi ya chanjo ya kifungua mimba wetu, ambaye siku hizi ananyoa ndevu na kuishi kwake, nayo imevaa na inang'aa kama ya jana. Zote hukaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo wa sanduku hukaa shingoni mwangu pamoja na rozari.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna wanawake wa rika langu wanaoijua Nairobi kichochoro kwa kichochoro. Mimi naijua sebule yangu ya Kamenu, hapa Thika, mashine yangu ya kufuma sweta za shule, na hilo sanduku. Nikivuka barabara kununua uzi, majirani huuliza kama kuna msiba. Kwa hivyo mume wangu aliponibandika jina la Katibu Mkuu kwa kunicheka, nililipokea kama cheo. "Katibu Mkuu, kitambulisho changu?" Kabla hajamaliza kuuliza, kiko mkononi mwake. Nimeunguza maharagwe mengi maishani, nimefuma sweta yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, lakini karatasi haijawahi kunipotea.

Hata ile ya moyo haikupotea. Afadhali ingepotea, maana kilichopotea huenda kikaokotwa.

Mume wangu ni fundi wa maji. Anafunga pampu za wakulima kule chini Ngoliba, na anapanda juu ya nyumba za kupangisha huku mjini kurekebisha matangi. Miaka miwili iliyopita alirudi kutoka Ngoliba kabla ya saa yake, akaketi kwenye kochi na buti zake, jambo ambalo nimelipigania tangu tuoane. Sikumgombeza. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Ni jua," akasema.

Halikuwa jua. Kesho yake ilimjia tena akiwa kwenye kivuli. Alinieleza kwa lugha ya kazi yake, kwa sababu hana nyingine: "Unajua pampu ikiingia hewa? Inakimbia, inakimbia, inapiga kelele yote, lakini maji hayapandi. Sasa hiyo ndiyo iko hapa." Akaweka mkono kifuani. Nikaweka wangu. Sikuweza kuhesabu. Chini ya kiganja changu kulikuwa na kitu kama ndege aliyeingia ndani ya nyumba akakosa dirisha.

Tukakimbia hospitali. Tulipofika langoni, ndege akatulia. Wakamfunga nyaya, mashine ikachapa, daktari akatazama akasema, "Mzee, moyo wako uko sawa. Punguza chumvi." Tukapunguza chumvi. Ikaja tena, tukakimbia tena, na tulipofika tu kwenye benchi la hospitali ikaacha tena. Mara nne. Moyo wa mume wangu ni kama yule mwanafunzi mtundu wa dawati la nyuma: mwalimu akigeuka, amefunga mikono, anatazama ubao.

Mara moja tu ulinaswa. Alikuwa kazini Ruiru, mtaa wa Kiuu, juu ya jengo la ghorofa tano, ndani ya tangi kichwa na mabega. Ilipomshika, mlinzi wa jengo alimteremsha ngazi kwa ngazi akimkumbatia kama gunia, akamwingiza kwenye zahanati ndogo iliyo kwenye jengo la pili. Nesi hakuuliza jina. Alimfunga nyaya palepale, na mashine ikachapa huku moyo ukikimbia. Kabla gari halijapatikana la kumpeleka mbele, moyo ukanyamaza wenyewe. Lakini karatasi ilikuwa imeshatoka: ya waridi, laini, ndefu kama rula moja na nusu, na juu yake vilima vyeusi vimesongamana kama meno ya msumeno. Akaniletea mimi, mwenye sanduku.

Baada ya hapo ndipo tukapata nafasi kwenye kliniki ya moyo, hospitali kubwa hapa Thika. Daktari wake ni mama mwembamba mwenye sauti ya chini, wa wale ambao ukimsikiliza unajikuta umeinama. Akasoma karatasi zote nne za moyo uliotulia. Akauliza kuhusu ile ya Ruiru.

Nikatoa simu yangu kwa madaha, kwa sababu nilikuwa nimeipiga picha ile karatasi. Daktari akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia.

"Mama, hapa naona kidole chako gumba," akasema. "Na kitambaa cha meza. Ni kizuri, ulishona mwenyewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Vilima vyenyewe ni ukungu mtupu. Karatasi iko wapi?"

"Iko nyumbani. Nimeiweka salama."

Mume wangu akatazama dari. Ni kweli niliiacha kwa makusudi. Hospitalini karatasi hupita mikono mingi, na mimi siamini mikono ambayo siijui. Daktari hakunicheka. Alieleza polepole kwamba moyo unaweza kukimbia kwa njia nyingi, na kila njia ina dawa yake. "Kuna dawa inayoweza kumponya mtu wa aina hii, na dawa hiyohiyo ikamuua mtu wa aina ile. Siwezi kukisia. Mkija tena, mje nayo."

Kuja tena kulikuwa baada ya miezi minne.

Katika miezi hiyo minne alianguka mara mbili. Mara ya kwanza alianguka shambani kwa mteja, kwenye udongo laini wa mahindi, akaamka akacheka. Mara ya pili alianguka bafuni kwetu. Mimi nilikuwa kwenye mashine, inafanya kelele zake, na bado nilisikia. Nilimkuta kichwa kiko chini ya sinki na damu imeingia machoni, na kwa muda ambao siwezi kuupima hakuwa anapumua kwa namna ninayoijua. Akafungua macho akasema, "Funga maji, yanamwagika bure." Mpaka leo ana kovu kwenye nyusi ya kushoto. Na bado alikuwa akipanda matangi. Nikimwambia aache, ananiambia, "Nikikaa hapa na wewe siku nzima, huo moyo si ndio utakimbia kabisa." Nilicheka. Halafu nikaingia jikoni nikasimama mbele ya jiko lisilowashwa. Udongo wa mahindi, halafu sakafu ya bafu. Sikuhitaji mtu wa kuniambia ngazi ya tatu ya hesabu hiyo ni tangi la ghorofa ya tano.

Kwa hivyo siku ya kliniki ilipokaribia, nilijiandaa kama watu wanavyojiandaa kwa ruracio, siku ya kupeleka mahari. Nilinunua fulana mbili mpya za ndani, nyeupe, nikazipiga pasi, ingawa hakuna mtu duniani anayepiga pasi fulana ya ndani. Nilichukua kile kitabu chake cha hospitali, daftari la shule la kurasa thelathini na mbili lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikalivika jalada jipya la gazeti. Nikaandika maswali kumi na moja. Nikamkalisha uani na beseni la maji ya moto, nikamsugua visigino kwa jiwe na kumkata kucha, kwa sababu ile mashine huwa na nyaya za miguuni na sikutaka daktari afikiri anaishi na ng'ombe.

"Daktari wa moyo haangalii kucha," akasema.

"Ataangalia. Ataona vile ninavyokutunza."

"Kama ni hivyo si uende peke yako upewe zawadi. Mimi nibaki."

Kliniki ilikuwa Alhamisi. Jumatano asubuhi, alipokuwa amelala kidogo baada ya chai, nikavuta sanduku, nikafungua, nikatoa karatasi. Ilikuwa imekunjika mara mbili, na kwenye mkunjo wa katikati wino ulikuwa umeanza kufifia, vilima viwili vitatu vimekuwa vya kijivu. Nikaona kesho: makarani, manesi, wanafunzi wa udaktari wanaozunguka na vikombe vya chai. Nikaona tone moja la chai likianguka. Mkononi nilikuwa nimeshika ushahidi pekee duniani kwamba mume wangu si mwongo, umekaa uchi kama kifaranga.

Nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote mwenye akili na sanduku angefanya. Nikaipeleka saiba, kile kibanda cha kompyuta na kuchapisha, ipigwe laminesheni.

Binti wa saiba ananijua. Ndiye aliyevalisha plastiki nusu ya sanduku langu. Alipoishika, akaipapasa kwa kidole.

"Mathe, hii karatasi iko laini sana. Ni kama zile za risiti za supermaketi."

"Ni ya hospitali."

"Najua, lakini hizi za aina hii zinaweza..."

"Msichana," nikamwambia, na haya ndiyo maneno ninayotamani yangevalishwa plastiki yakafukiwa, "mimi nilimaliza kidato cha nne kabla hujazaliwa. Ingekuwa mbaya wangenipa?"

Akainua mabega. Akaiweka katikati ya plastiki, akailainisha kwa mgongo wa mkono, akaiingiza kwenye mashine. Mashine ile ina joto, huwa inanuka kama pasi iliyosahauliwa. Karatasi ikaingia ya waridi. Upande wa pili ikaanza kutoka nyeusi.

Haikuungua. Hakukuwa na moshi wala majivu. Ilitoka polepole, kingo kwa kingo, nyeusi sawasawa kama ubao wa shule uliofutwa kwa maji, na plastiki juu yake inang'aa. Hakikubaki kilima hata kimoja. Nilipoiinamia nikajiona ndani yake, kitambaa cha kichwa, pua, mdomo uliofunguka.

Baadaye nilielezwa kwamba karatasi za aina ile hazina wino. Ni joto la mashine ya kupimia ndilo huziandika. Ukizipa joto jingi, zinajiandika zote.

Binti wa saiba hakusema alichokuwa na haki ya kusema. Alivuta kiti chake, akaniketisha, akaenda kuniletea maji. Nilikaa pale na kile kitu magotini, na watu wakiingia kuchapisha barua zao za kazi. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu akilini: mtu mwingine wa kulaumu. Nilizunguka nchi nzima nikarudi kwangu.

Nilimpigia simu mume wangu nikamwambia nimeenda kutafuta vifungo vya sweta, nitachelewa. Akasema, "Vifungo? Wewe? Mbali?" Nikakata. Nikaenda Ruiru.

Zahanati ya Kiuu iko chini ya jengo, katikati ya muuza mitumba na kinyozi. Nilitegemea kutomkuta yule nesi, kwa sababu siku ikishaharibika huharibika yote. Nilimkuta. Mwanamke mnene, mpole, viatu vya raba. Nilipomweleza habari za fundi wa tangi, akacheka.

"Huyo mzee namkumbuka. Nilimfunga nyaya, akaniuliza kama nimezima umeme kwenye swichi."

"Ndiye huyo. Dada, naomba unitolee ile karatasi yake tena."

"Tena vipi?"

Nikaitoa kwenye mfuko. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Sikuhitaji kueleza. Uso wake ulinieleza mimi.

"Mama, mashine yetu haina kichwa," akasema. "Inachapa halafu inasahau. Ikishatoa, imetoa. Hiyo ilikuwa ni moja tu."

Sijui niliketi saa ngapi. Nakumbuka nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wagonjwa na mama mmoja mwenye mtoto wa kikohozi akanisogezea nafasi, akaniuliza naumwa wapi. Nikamwambia mimi siumwi. Nililia kwa adabu, ile ya kuinama kama unatafuta sarafu. Nilikuwa nafikiria daktari mwenye sauti ya chini akisema tena siwezi kukisia, na miezi mingine minne, na ngazi za ghorofa tano.

Yule nesi aliniacha nilie. Alikuwa amepanda juu ya kiti, anashusha madaftari makubwa ya rejista kutoka juu ya kabati, yale yenye mgongo mwekundu. Akaniuliza ilikuwa mwezi gani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Katibu Mkuu akawa na faida: nilijua mwezi, tarehe, hata kwamba ilikuwa siku ya soko. Akateremsha kidole ukurasa kwa ukurasa. Kikasimama.

"Haya. Mwanamume, fundi. Mapigo mia moja tisini na nne. Yamepimwa kwa mashine, yanakimbia kwa mpangilio. Yameacha yenyewe baada ya dakika ishirini na mbili. Apelekwe kliniki ya moyo." Akasoma kama mtu anayesoma somo la Jumapili. "Mimi ndiye niliandika. Vilima siwezi kukupa, lakini hii naweza kunakili."

Akanakili kwenye karatasi yenye kichwa cha zahanati, akatia sahihi, akapiga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza haukukolea. Nilipoipokea kwa mikono miwili, akaishikilia upande wake kidogo.

"Na hii usiipeleke saiba, mama yangu."

Nilifika nyumbani jua likiwa bado liko. Alikuwa ameketi uani na visigino vyake safi, anasikiliza redio.

"Vifungo viko wapi?"

"Sikupata rangi."

"Thika yote imeisha vifungo," akaiambia redio.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo wakati wa kupika, wakati wa kula, wakati wa kuosha vyombo. Kila mara nilimwona akilini mwangu akishika kifua. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba habari hiyo ingeweza kumuua, na huenda nilikuwa najisitiri tu, sijui. Kabla ya kulala huwa tunasali pamoja, yeye anaongoza. Siku hiyo aliomba kwa maneno machache kama kawaida yake: "Mungu, kesho tuamshe salama, na huu moyo uutulize."

Nikasema amina kwa mdomo. Ndani nilikuwa nasema, usiutulize. Niliomba hivyo waziwazi, kwa maneno kamili, nikiwa nimeshika rozari: kesho, Mungu, saa mbili hadi saa sita, mbele ya mashine yao, mpe. Mwanamke aliyekesha miaka miwili akiomba kitu kisije, sasa nakiomba kwa saa na mahali, kama mtu anayeagiza teksi. Halafu nikaogopa nimesikika. Nikalala nimemshika mkono pale kwenye mshipa.

Asubuhi tulikuwa namba tisa kwenye foleni. Benchi lilikuwa refu, na watu wote wa kliniki ya moyo huketi namna moja, kama wamebeba mayai. Alikuwa amevaa fulana yake ya pasi chini ya shati la kanisani. Akanyoosha mkono.

"Katibu Mkuu. Karatasi."

Nikampa ile nyeusi.

Aliitazama muda mrefu. Alikuna plastiki kwa ukucha, ukucha nilioukata mimi. Nilikuwa nahesabu mapigo ya shingo yake.

"Uliipiga laminesheni," akasema.

"Ndiyo."

"Jana. Vifungo."

"Ndiyo. Nilienda mpaka Kiuu. Yule nesi amenipa hii." Nikatoa ya muhuri. "Si sawa na ile. Najua si sawa. Nimekuua mimi."

Akaiinua ile nyeusi mbele ya uso wake, akajitazama humo, akarekebisha kola ya shati, akalamba kidole akalaza nyusi yenye kovu.

"Kioo ni kizuri," akasema. "Tutaweka bafuni."

Mzee aliyekuwa namba kumi akageuka kuona kwa nini nalia na kucheka kwa wakati mmoja. Nikashika mkono wa mume wangu. Moyo ulikuwa unatembea kama mtu anayerudi kutoka kanisani. Sitini na nane. Niliukasirikia huo moyo kwa chuki ya kweli.

Mashine yao ikachapa vilima vilivyoachana vizuri, vya kupendeza. Daktari akavitazama, akatazama ile nyeusi, akaiinua kuelekea dirishani, akaishusha.

"Joto," akasema kwa ile sauti yake. "Wengi huleta hivi. Wenye kujali zaidi ndio huleta hivi."

Sikujua kama ni kunifariji au kunipa hukumu. Akasoma ya muhuri mara mbili, akamuuliza mume wangu maswali, akanakili ile mia moja tisini na nne. Kisha akasema kwamba vilima ndivyo angehitaji, dawa bado asingeandika, lakini kwa maneno haya ya nesi sasa anaweza kumwombea kile kimashine kidogo cha kuvaa. Kina foleni. Wiki tatu. Atakivaa siku mbili na usiku wa katikati, kinaandika kila pigo. Ukijisikia vibaya unabonyeza kitufe, na mtu wa nyumbani anaandika saa kamili. "Hizo siku mbili usipopata shida, tutakuwa pale pale."

"Na kupanda matangi?" nikauliza. Lilikuwa swali langu la kumi na moja, nikalipandisha la kwanza.

"Asipande kabisa. Hata ngazi ya kubadilisha balbu."

Mume wangu akatazama sakafu. Lakini hakupanda. Wiki tatu zile alikaa nami sebuleni, nikafuma, akanikosoa. Wala moyo haukuja hata mara moja. Ulikuwa umepata habari.

Walimfunga kimashine Jumatatu. Kilikuwa kidogo kama redio ya mfukoni, nyaya zimeingia chini ya fulana. Jumatatu nzima hakuna. Sasa fikiria nyumba yenye watu wawili wazima wanaosubiri kitu wanachokiogopa, wanakiita kama kuku: njoo, njoo. Alitembea uani mara thelathini. Alikunywa chai nzito. Mimi nilijaribu kumkasirisha, kipaji nilichozaliwa nacho, nikamkumbusha shamba alilomwacha dada yake aliuze, nikamwambia mboga aliyoisifu miaka yote ilikuwa ya jirani. Aliniangalia kwa huruma tu.

"Unajitahidi," akasema.

Jumanne ikapita asubuhi, ikapita saa sita. Kimashine kilikuwa kitolewe saa kumi. Saa nane nilikuwa nimekata tamaa kiasi kwamba nilirudi kwenye sweta zangu, nikaanza mkono mmoja, nikasahau kuhesabu safu. Nilikuwa nafikiria kwamba tutarudi pale pale, na kwamba pale pale ni mimi niliyepajenga kwa mikono yangu, kwa joto na plastiki.

Akaweka kikombe chini. Hakukiangusha, alikiweka, katikati ya kisahani.

"Imekuja," akasema.

Uso wake ulikuwa wa majivu. Akabonyeza kitufe. Nami, badala ya kukimbia kwake, nilikimbilia daftari. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika kumi na saba. Nikaandika. Kisha nikaketi kando yake, nikaweka mkono kifuani pake juu ya nyaya, na ndege alikuwamo humo, anagonga kila upande. Furaha niliyoipata ilinitia hofu kuliko ugonjwa. Sikujua kingine cha kufanya, nikaendelea kuandika. Tisa na kumi na nane. Tisa na kumi na tisa. Jasho lake lilidondoka kwenye ukurasa, nikalifuta kwa kiwiko nikaandika kando yake. Tisa na ishirini. Alikuwa amefumba macho, kichwa kimelala begani kwangu, kizito, na midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika."

"Andika vizuri, Katibu."

Tisa na ishirini na moja, nikaandika.